Huyu Happiness Ni Nani?

Katubuka, Kigoma
17 Machi 2024

Mdogo wangu Ngendakumana,

Amahoro. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama. Mvua za mwaka huu zimelichokoza tena, hata kwenda kanisani lazima ashike bega la mpwa wako Kelly. Baba Kelly bado yuko Kalya kwenye dagaa. Kelly mwenyewe amefaulu, anaomba chuo cha uuguzi, na huenda akapangiwa huko huko kwenu Tabora. Mama anakusalimu. Kila akila anauliza kama na wewe umekula.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako siku hizi ni kama ya ofisini. Nikikusalimu tu kwa Kirundi, amahoro, unajibu "nipo na mteja, nitakupigia," na hupigi. Barua hii nampa jirani yetu Yona, yule wa mizigo kwenye treni, atakukabidhi mkononi. Nina hasira, na hasira yangu haitoshi kwenye simu ya dakika moja.

Mwezi wa kwanza alikuja dukani kwangu mama mmoja na binti yake, Esther, anayeolewa. Wakaulizia gauni la harusi. Nikawatajia laki mbili na nusu, kitambaa juu yangu. Yule mama akatoka nje, akasoma kibao changu, akarudi akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Révérienne. Si jina la Kirundi hilo?"

"Ni jina langu."

"Sasa kwa Mrundi kabisa, laki mbili na nusu? Bei hiyo si niende mjini?"

Wakaenda mjini. Maneno hayo kwangu si mageni. Lakini juma lililopita wamerudi na gauni ndani ya mfuko mweupe, wanataka kiuno kipunguzwe. Mama mtu akaniambia, "Fundi, taratibu sana. Hili limetoka Uturuki. Laki sita hiyo unayoishika."

Nikaligeuza ndani nje. Ngendakumana, lilikuwa gauni langu! Mwezi wa Desemba nilimshonea Winfrida wa pale mjini, mwenye duka la Istanbul Maharusi, magauni matatu kwa bei ya jumla. Bitana ya hili niliiunga ubavuni kwa sababu kitambaa kilipungua. Muungo ule ule. Nikasema, "Mama, gauni hili nimelishona mimi, kwenye cherehani hii hapa."

Walitazamana, wakacheka. Siyo kicheko cha kunidharau hasa, walidhani natania. Nilipolisema mara ya pili, mama mtu akalivuta gauni kutoka mikononi mwangu. "Esther, twende. Huyu asije akatuchania kwa wivu."

Nilifunga duka, nikaenda mpaka kwa Winfrida. Hakushtuka hata kidogo. Akanipa kiti, akaniagizia soda. "Dada, mimi sijamdanganya mtu," akasema. "Nimeandika Istanbul mlangoni tu. Wao ndio wanaosafiri. Ukitaka bei ya Istanbul, na wewe andika Istanbul kwako."

Soda sikuinywa. Wewe una karakana na una wateja. Niambie, mkono ule ule, uzi ule ule, kwa nini kwangu ni ghali na kwake ni halali?

Msalimie wifi Melania na watoto nisiowajua sura.

Dada yako,
Révérienne


Tabora
12 Mei 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Kipindi hiki mbao za mninga zimekuwa za kutafuta kwa tochi, nimeshinda porini kuliko nyumbani. Melania hajambo, Samson anaanza kuandika herufi zake, na mdogo ameota meno ya juu. Mwambie mama akande goti kwa maji ya moto na chumvi, asibebe ndoo.

Nimesoma habari ya gauni. Inauma, lakini Dada, yule Winfrida amekuambia ukweli. Mteja hana macho ya fundi. Hajui mshono, hajui mbao. Kwa hiyo anatafuta kitu cha kumwambia kama hiki ni kizuri, na cha kwanza anachokiona ni jina. Nilikuwa na kiti kimoja cha mninga, kilikaa mlangoni hapa msimu mzima, watu wanakikalia wakisubiri bodaboda. Nilipobadilisha kibao, kiti kile kile kilinunuliwa juma lile lile, kwa bei kubwa kuliko ile niliyokuwa nikiiomba, na mnunuzi akanishukuru.

Jina lako ni zuri nyumbani. Dukani linaomba radhi kabla hujafungua mdomo. Usipigane na watu wote wa Kigoma kwa ajili ya kibao.

Nimekutengenezea kipya, Yona anacho. Nimekichonga mwenyewe, nikakipiga rangi ya dhahabu: HAPPINESS COLLECTION. Happiness halina kabila, halina kijiji. Kiweke miezi mitatu tu, halafu uniambie.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Katubuka, Kigoma
28 Julai 2024

Mdogo wangu Ngendakumana,

Amahoro. Goti limetulia tangu mvua zikate. Baba Kelly alirudi, akakaa juma moja, akaondoka tena. Kelly amepangiwa Tabora kweli! Ataripoti mwishoni mwa Septemba. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Kibao kilifika salama. Kazi nzuri sana, mikono yako haijaharibika. Nilikaa nacho siku kadhaa chini ya kitanda, mwishowe nikakipandisha. Sasa nikujibu kama ulivyoniomba: umesema kweli, na kwa kuwa umesema kweli nina hasira kuliko mwanzo.

Wateja wamejaa. Wanatoka Mwanga, wanatoka Buzebazeba, mmoja alitoka mpaka Mwandiga na wapambe wake wote. Nikawatajia laki mbili na nusu, hakuna aliyeguna. Nikajaribu laki tatu na nusu. Wakauliza kama wanaweza kulipa kwa awamu. Sijabadilisha sindano, Ngendakumana! Sijabadilisha hata pazia la kujaribia nguo.

Lakini sikiliza kinachonitokea. Wanaingia, wananiona nimekaa kwenye cherehani, wanauliza, "Happiness yuko wapi?" Siku ya kwanza nilisema amesafiri, na uongo huo sasa naulisha kila siku. Wananiambia, "Mwambie bosi wako shingo aishushe kidogo." Wananiambia, "Mwambie bosi wako kazi yake safi." Juzi bibi harusi mmoja alifurahi sana na gauni lake, akanishika mkono akanipa hela ya soda. Akamgeukia mwenzake akasema nikiwa nimesimama pale pale, "Happiness ana akili. Ameajiri Mrundi, lakini amemsimamia vizuri."

Sifa ya kazi yangu ninaletewa nimfikishie mtu asiyekuwepo.

Mama alikuja dukani Jumamosi kuniletea chakula. Alisimama nje muda mrefu. Kusoma anasoma polepole, unajua. Akaingia akauliza, "Huyu Happiness ni nani?" Nikamwambia ni jina la biashara tu. "Na wewe je? Umekuwa nani?" Nilimwambia ale, chakula kitapoa.

Sasa jambo lenyewe. Mama anataka kumsindikiza Kelly aje akuone. Miaka sita hujakanyaga hapa. Harusi yako tuliisikia kwa simu, ukasema ilikuwa ya bomani na ya haraka, tukakubali. Wajukuu anawaona kwenye picha moja tu. Ameshaweka mawese pembeni kwa ajili yako. Tuelekeze: wakishuka steshenini, wakiuliza kwa Ngendakumana seremala, watafikishwa?

Dada yako,
Révérienne


Tabora
18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Hongereni kwa Kelly.

Kuhusu mama, naomba asije safari hii. Nyumba inaezuliwa bati, tumebanana chumba kimoja, na goti lake halitaweza treni. Nitakuja mwenyewe Krismasi, Mungu akipenda. Kelly aje peke yake. Anipigie akifika steshenini, asianze kuulizauliza watu njiani, mji una wajanja.

Nafurahi kibao kinafanya kazi. Hayo ya kuulizwa bosi utayazoea.

Mdogo wako


Katubuka, Kigoma
20 Oktoba 2024

Ngendakumana,

Mama ni mzima. Kelly yuko chuoni. Salamu zimeisha hapo.

Mama alikuja Tabora, unajua alikuja. Nilimsomea barua yako mara mbili. Akasema mvulana wangu akisema nyumba inaezuliwa bati ndiyo nafasi ya kwenda kumpikia. Goti akalifunga kitambaa. Walipanda treni na Kelly, na Yona alikuwa kazini treni hiyo hiyo.

Pale steshenini Kelly alikupigia, hukupokea. Akawauliza wenye bodaboda habari za Ngendakumana seremala. Hakuna aliyemjua. Yona ndiye aliyewaona wamesimama na mizigo, akacheka: "Mnamtafuta Elia? Semeni kwa Elia!" Akawafikisha mpaka kona. Yona amekuwa akileta barua zangu kwa Elia muda wote huu, akidhani najua.

Mama hajaniambia lolote kuhusu kilichofuata. Aliporudi alisema, "Nimemwona. Amenenepa. Ana kazi nzuri." Akaingia kulala jua likiwa bado linawaka. Haya nimeyasikia kwa Kelly, akilia kwenye simu, na nayaandika ili uyasome kwa mwandiko wa ndugu yako.

Kibao kinasema ELIA SAMANI. Ulikuwa umesimama na wanaume watatu wenye mashati ya kuchomekea, unawaonyesha dawati. Mama akasimama mlangoni na dumu lake la mawese, akakuita mwanawe kwa lugha ya nyumbani, "Amahoro, mwana wanje." Ukageuka ukamwona. Kelly anasema ulimwona vizuri.

Mwanaume mmoja akauliza, "Elia, nani huyu?"

Ukasema, "Ni mama mmoja wa Kigoma, huwa ananiletea mawese."

Halafu ukamwambia mama yako mzazi, "Weka hapo tu, mama. Asante. Hela yako nitakutumia."

Na mama akaliweka dumu chini. Akasema, "Haya baba, Mungu abariki kazi yako." Akamshika Kelly bega, wakatoka. Walilala kwa mlezi wa hosteli ya chuo, mtu wasiyemjua, akawapa godoro. Bati za nyumba yako, Kelly aliziona. Zilikuwa juu, mpya, zinang'aa.

Sasa naelewa kwa nini simu yako haipendi amahoro. Naelewa kwa nini kila barua unaimalizia "mdogo wako," na jina huweki. Ulinitumia kibao nikadhani unanifundisha biashara. Kumbe ulitaka mwenzako wa kuvaa naye nguo hiyo.

Asubuhi baada ya simu ya Kelly nilikishusha kibao chako. Nilimwita mchora vibao nikamwambia aandike RÉVÉRIENNE, FUNDI WA MAGAUNI. Akaniuliza kama vile vialama vya juu ya herufi aviache. Nikamwambia aviweke vyote viwili, na aviweke vinene. Bei sijaishusha hata shilingi. Ni laki tatu na nusu, ile ile ya Happiness.

Unataka kujua kilichotokea? Wamepungua, ndiyo. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake nimeshakikata mikono, akasema, "Kumbe ulikuwa wewe tu?" Mwingine alidai apunguziwe, eti alilipa akijua analipa Happiness. Nikamwambia avue alivae la Happiness basi, kama analiona. Baba Kelly ananiambia nina kichwa kigumu. Ninacho.

Usinijibu kama huna la kusema.

Révérienne


Tabora
24 Novemba 2024

Dada,

Nimeisoma barua yako mara moja na sitaisoma tena.

Umenihukumu ukiwa umekaa Kigoma, ambapo nusu ya majirani wana shangazi ng'ambo ya pili ya mpaka na hakuna anayeshangaa jina. Huku hata Muha wa Kasulu, babu yake amezikwa hapo hapo Kasulu, wanamwita Mrundi. Mimi nilifika hapa na jina la baba kamili. Mwenye nyumba wa kwanza alinirudishia kodi. Mwaka uliofuata nikaomba kazi ya madawati ya shule. Nikapeleka dawati la mfano. Walilisifu mbele yangu, wakalikalia, wakalitikisa. Wakauliza jina. Nilipolitaja, wakaniuliza uraia. Nikaleta cheti cha uraia. Wakakishika kama kitu chenye mafuta, wakasema watanipigia. Wananipigia mpaka leo.

Msimu mwingine nikaenda na dawati lile lile, nimelipiga msasa tu. Nikasema naitwa Elia. Nikapewa kazi. Na Elia sikuliiba, Dada! Nilibatizwa Elia, mama mwenyewe alinipeleka. Kosa langu ni kuchagua jina moja kati ya mawili niliyopewa?

Wanaume wale ndio hao wa madawati. Nina vijana wanaokula kwa kazi hiyo. Ulitaka niseme nini pale mlangoni? Mdomo ulishasema kabla yangu. Nilitoka baadaye kuwatafuta mpaka sokoni, sikuwaona. Hilo Kelly hawezi kukuambia kwa sababu halijui.

Na mama alinielewa. Ndiyo maana aliweka dumu akaondoka bila lawama. Wewe ndiye usiyetaka kuelewa, kwa sababu wewe hasira ni kazi yako ya pili baada ya cherehani.

Melania nilimwambia zamani, kabla hatujaoana, kwamba wazazi wangu wote wawili walishafariki. Niliona ni neno dogo la kupita nalo, sasa limekuwa ukuta. Nitalibomolea wapi? Tafadhali usimwandikie. Krismasi sitaweza kuja, kuna oda.

Mama anasema nini juu yangu? Niambie ukweli.

Mdogo wako


Katubuka, Kigoma
12 Januari 2025

Mdogo wangu Ngendakumana,

Heri ya mwaka mpya. Mvua zimerudi na goti limerudi nazo. Baba Kelly yuko nyumbani mpaka mwezi uandame upya. Dukani pamepata watu wachache wa kudumu, wanaonijua mimi, wanaoniita kwa jina langu hata kama wanalivunja. Wengine bado wanapita wakisoma kibao na kwenda zao. Nimewaacha waende.

Hoja yako ya madawati nimeielewa. Niliisoma nikapiga meza. Waliokurudishia kodi, waliokishika cheti chako kwa ncha za vidole, hasira yako juu yao ni yangu pia, na ningekuwepo ningewaambia neno. Lakini hao ndio waliokunyima kazi. Mama alikuletea mawese. Ukawalipa wale kwa kumtumia huyu.

Nimeambiwa unamtafuta mkeo. Nakujulisha kwamba yuko hapa. Mimi sikumwandikia. Alikuja mwenyewe Alhamisi, mchana, mdogo mgongoni na Samson mkononi, begi moja.

Mama alikuwa amekaa barazani anachambua dagaa. Mwanamke akapiga magoti matopeni kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Hapana. Natafuta kwa mama yake Révérienne."

"Ndiye mimi. Wewe nani?"

"Mimi ni mke wa Ngendakumana."

Nilikuwa ndani napiga pasi, nikalisikia jina hilo kwa sauti nisiyoijua. Nilipotoka, ungo wa dagaa ulikuwa umemwagika na mama hakuuangalia. Alikuwa ameshamchukua mtoto.

Usiku ule alitueleza. Siku ile alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, akaona yote. Akasema, "Wifi, nilijiuliza, mfanyabiashara gani wa mawese anayeacha dumu zima bila kutaja bei? Na paji lile la uso ninalilaza kitandani kwangu kila siku." Alikuuliza, ukamwambia ni muuza mawese wa zamani. Mwezi wa kumi na mbili akaenda chuoni kwa wauguzi akamtafuta yule binti mrefu, na Kelly hajui kudanganya. Kisha akasema neno ambalo lilimfanya mama ainuke aende jikoni bila sababu: "Miaka mitano nawasha mishumaa kanisani kumwombea pumziko mama mkwe aliye hai."

Ulitaka kujua mama anasema nini juu yako. Hajasema kitu. Asubuhi alimwita Samson akamuuliza jina lake kamili. Mtoto akasema, "Samson Elia." Mama akamwambia, "Vizuri, lakini bado kipande." Sasa wanafundishana hicho kipande. Ni kirefu, anakwama katikati, anaanza upya, wanacheka.

Melania hajasema atarudi lini, na mimi simuulizi. Ananisaidia kutia vifungo. Hasira anayo, nami simwambii aitoe.

Ukimtaka mkeo na wanao, treni unaijua. Usinipigie simu, usimtume Yona. Njoo mwenyewe upige hodi. Mama siku hizi hafungui mlango bila kuuliza ni nani. Atakuuliza. Jibu.

Dada yako,
Révérienne